Shemeji Yangu Amezaliwa Mara ya Pili

Jumapili, jioni. Butembo.

Mvua imenikuta njiani nikirudi kutoka Beni na bado inanyesha. Baridi ya huku kwetu juu imeingia mpaka kwenye mashuka. Viatu vimejaa tope jekundu, nimeviacha mlangoni. Watoto wamekwisha kula. Nimewasha makaa, nimeketi karibu na mbabula na simu mkononi, niandike kabla hasira haijapoa.

Maana nimekasirika, na leo sina haja ya kuficha.

Leo nimekwenda kumtazama mwanaume akizaliwa mara ya pili. Anaitwa Kakule. Ni mume wa dada yangu Masika. Nasema ni mume wake kwa sababu hawajaachana mbele ya mtu yeyote, si mbele ya wazee, si mbele ya padri, si mbele ya hakimu. Alimzika tu, akiwa hai.

Nieleze vizuri, kwa kuwa wengi mnaosoma hapa hamumjui Masika.

Masika ni yaya yangu, yaani dada mkubwa, mtoto wa kwanza kwetu. Aliolewa Mangina, kule kwenye mashamba ya kakao upande wa magharibi wa Beni. Walipata mtoto mmoja, msichana, wakamwita Merveille. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kuunganisha maneno mawili mawili, mwaka ule wa Ebola ulipoanza. Mama mkwe wa Masika aliugua mapema sana, kabla watu hawajajua ni ugonjwa gani. Wanaume wa nyumba ile walisimama uani wakijadiliana ni nani amemroga. Masika ndiye aliyeingia chumbani. Alimwosha, alimlisha uji, alifua mashuka yake kwa mikono mitupu. Mama yule alifia mikononi mwake. Siku chache baadaye yaya akaanza kutapika.

Alipelekwa kwenye kituo cha matibabu, Beni. Nilikuwa nakwenda kumtazama kwa mbali, ng'ambo ya uzio wa rangi ya machungwa. Siku nyingine aliweza kuketi nje na kunipungia mkono. Siku nyingine waliniambia leo hatatoka, nikarudi Butembo.

Alipona.

Siku ya kutoka walimwogesha kwa maji yenye dawa. Kila alichoingia nacho kilibaki ndani kichomwe: nguo, kitambaa cha kichwa, viatu, hata rozari ya marehemu mama yetu. Alitoka amevaa kitenge cha kupewa na kandambili za kupewa, mwembamba, macho makubwa, anatembea kama mtu anayejaribu ardhi. Wauguzi walimwimbia na kumpigia makofi. Walimwita mshindi. Nikimwangalia niliona kabisa: huyu ametoka kama alivyotoka tumboni mwa mama, hana kitu chake hata kimoja, ila anapumua.

Tukapanda pikipiki kwenda Mangina, njia nzima akiniuliza kama Merveille atamkumbuka.

Mlango wa nyumba yake ulikuwa na kufuli jipya. Uani kulikuwa na jivu. Godoro, mashuka, nguo zake za kuolewa, viti vya mbao ambavyo baba alimpa, vyote vilikuwa jivu. Majirani walisimama ng'ambo ya njia, hakuna aliyevuka. Mama mmoja alituambia kwa sauti, kutoka kule kule, kwamba Kakule amekwisha kuhama na mtoto. Nilimpigia simu. Alipokea. Nayakumbuka maneno yake yote.

"Usinitelefonie tena, Kavira. Kwangu mimi, ule mwanamuke alikufa pamoja na mama yangu."

Mtoto naye, Kakule akamwambia hivyo hivyo: mama yako alikufa.

Tangu hapo Masika anaishi kwangu hapa Butembo. Anasuka nywele, ana wateja wengi, mkono wake ni mwepesi. Alikwenda Beni kumtafuta mtoto mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Siku moja wadogo wa Kakule walimfukuza mlangoni, na alipogeuka kuondoka, wakamwaga maji ya klorini pale aliposimama. Alikwenda pia kwa polisi. Afande aliyempokea, mtu aliyetumwa huku kutoka Kinshasa, alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akamwambia hayo ni mambo ya familia, arudi pamoja na bwana yake. Baadaye vita vikawasukuma watu wa upande wa Mbau kuingia mjini, Kakule akahama mtaa, akahama tena, tukapoteza njia yake. Tulisikia tu kwamba ameoa mwingine.

Yaya hakuwa mtu wa kulia mbele yangu. Lakini akiwa anasuka, utamsikia anawauliza wale mama wateja: mtoto wa miaka sita analala bila taa? Wa miaka saba anafua soksi zake mwenyewe? Wa miaka minane anaanza kuona haya kuoga mbele ya mama yake? Wao wanajibu bila kujua kwa nini anauliza. Mimi nilikuwa najua.

Basi. Wiki mbili zilizopita, pasta alikuja hapa nyumbani.

Alikuja kwa pikipiki kutoka Beni, koti zuri, viatu vinang'aa pamoja na tope letu lote. Si mtu mbaya, niseme haki yake. Alisalimu vizuri, alikunywa chai, aliwauliza watoto wangu majina. Kisha akatuambia kwamba Kakule amekutana na Yesu. Ameacha pombe. Amezaliwa mara ya pili katika roho, na Jumapili hii atabatizwa katika maji mengi mbele ya kanisa lote. Kakule mwenyewe ameomba Masika awepo, wapatane, watu waone kazi ya Mungu.

Nilimuuliza kama Kakule ameeleza alichofanya. Pasta akasema Mungu hahesabu tena yale ya zamani. Nikamwambia mimi sikuuliza habari za Mungu, nimeuliza habari za Kakule. Akatabasamu kama mimi ninavyowatabasamia wanafunzi wangu wa darasa la kwanza wakichanganya herufi. Akamgeukia Masika.

"Mama Merveille, ule Kakule muliyejua, alikufa. Huyu ni mutu mupya kabisa. Hapana tafuta ule wa zamani, hapana mupata."

Masika alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. Aliuliza kitu kimoja tu, kama mtoto atakuwepo. Pasta akasema atakuwepo, yeye na mama yake wa kambo, benchi la mbele.

"Basi nitakuya," yaya akasema, na akaendelea na maharage yake.

Usiku ule na siku zilizofuata nilibishana na pasta peke yangu. Nikifundisha, nikipika, nikioga. Nilibatizwa nikiwa mtoto mchanga, kwenye parokia ileile alikobatizwa mama yangu, na sina ugomvi na maji. Sina ugomvi hata na Mungu, nadhani. Tulipokuwa wadogo, katekista alitufundisha kwamba dhambi inatajwa kwa jina lake, mbele ya mtu mwenye masikio, na uliyemkosea unamwendea. Tulikuwa tunaogopa, tunatoka jasho kwenye mstari wa maungamo kwa sababu ya maembe ya jirani. Hawa wamechonga mlango wa nyuma. Mtu anaingia mweusi anatoka mweupe, na ukimuuliza umefanya nini, anakuambia aliyefanya amekufa, pole, umechelewa mazishi.

Mimi nimezaa mara mbili, hapa hapa maternité ya mtaani. Sijaona mtu aliyezaliwa bila mwanamke kutokwa damu. Sijaona aliyezaliwa bila mtu kupiga kelele. Huku kuzaliwa kwao kwa pili hakumuumizi yeyote. Anayezaliwa analia kwa furaha mbele ya watu, na mwanamke aliyeumia ameombwa aje apige makofi.

Nani alimpigia Masika makofi pale Mangina?

Niache. Niandike ya leo.

Tuliondoka mapema kwa gari la Papa Issa. Ni Mwislamu wa hapa Butembo, familia yao imebeba watu na mizigo kwenye barabara hii tangu sijazaliwa, na Masika ndiye anayewasuka binti zake. Yaya alivaa kitenge chake cha kila siku, amekifua na kukipiga pasi. Nilimpa changu kizuri, akakataa. Alisema mtoto amwone alivyo.

Tulipopita Kalunguta, Papa Issa akauliza tunakwenda harusi ya nani. Masika alikuwa anaangalia dirishani, kwa hiyo nikamsimulia mimi, yote. Tulipofika kwenye kizuizi cha wanajeshi, tukisubiri waangalie karatasi zake, ndipo aliposema.

"Kwetu, mutu akitubu, kama alikamata kitu ya mwenzake, anarudisha kwanza. Kama hajarudisha, ile toba iko ya mudomo."

Nikamwambia nitabadili dini leo leo. Akacheka. Masika hakucheka, lakini aligeuka akamwangalia, akamshukuru kwa Kinande: wasingya, Papa Issa.

Kanisa lenyewe ni ukumbi wa mbao na mabati, kubwa, upande wa pili wa mji wa Beni. Nyuma yake wamejenga birika la saruji, lina ngazi za kushukia. Watu walikuwa wamelizunguka tayari, wanaimba. Wanaobatizwa walipanga mstari na kanzu nyeupe, na Kakule alikuwa katikati yao. Sikumtambua mara moja. Amenenepa, amenyoa ndevu. Alipotuona alifunga macho na kuinua mikono juu, kama mtu anayeomba, na nikajua anaogopa.

Hapa nataka kuwa mkweli, maana shajara ya uongo ina kazi gani. Pasta alipomlaza kwenye maji, mkono mmoja mgongoni na mkono mwingine kifuani, mimi niliombea mkono ule wa kifuani usiondoke. Niliomba kabisa, kwa maneno, moyoni. Ubaki pale kidogo. Kidogo tena.

Uliondoka. Akainuka anatoa maji puani, watu wakapiga vigelegele, mwanamke asiyenijua akanikumbatia kwa furaha.

Masika hakuwa anamwangalia Kakule hata kidogo. Alikuwa anatafuta mtoto.

Tulimwona ndani. Benchi la mbele, kama pasta alivyosema. Soksi nyeupe, nywele zimesukwa vibaya, mistari imepinda. Na paji la uso la mama yetu. Nilishika mkono wa yaya. Pembeni ya mtoto alikaa mwanamke kijana, mwenye mimba, ana uso wa upole. Ndiye mke wa sasa wa Kakule, Kahambu. Alimwinamia mtoto akamfuta kitu shavuni kwa kidole alichokilamba. Nilikuja nimejitayarisha kumchukia na yeye. Kile kidole kilinivuruga.

Ikafika zamu ya ushuhuda. Kakule alipanda mbele, kanzu bado inachuruzika, akapewa maikrofoni. Na alisema vizuri, siwezi kukana. Alisimulia pombe, watu wakacheka pale pa kuchekesha. Alisimulia wanawake, wakasema haleluya. Alisimulia dawa za mganga alizofukia chini ya kitanda, na jinsi alivyozifukua na kuzitupa chooni. Dhambi zake zote zilikuwa zile ambazo kanisa limezizoea, zenye nafasi ya makofi zilizokwisha kupangwa. Halafu akasema:

"Nilikuwa na bibi wa ndoa kule Mangina. Shetani akakuya na ule ugonjwa, akatutenganisha. Leo Mungu amemuleta hapa."

Shetani.

Niliona mgongo wa Kahambu ukinyooka. Aligeuka polepole, akaanza kutafuta kwa macho katika watu. Pasta alikuwa amekwisha kumwita Masika mbele, wampe nafasi mama apite, amkumbatie ndugu mpya, ibilisi aaibike. Kwaya ikaanza kunyanyuka.

Yaya alipita katikati ya ukumbi na kitenge chake cha kila siku. Kakule akafungua mikono. Masika alisimama mbali naye kidogo, akanyoosha mkono, akaomba maikrofoni. Kakule akampa. Nadhani hakujua afanye nini kingine.

Masika si msemaji. Sauti yake ilitoka ndogo, watu wa nyuma wakanyamaza ili wasikie.

"Minasikia bwana yangu alikufa, huyu ni mwingine. Sawa. Mimi pia nilikufa. Aliambia mutoto nilikufa." Akapumua. "Shetani hapana funga mulango yangu na kufuli. Hapana choma mashuka yangu. Kakule, kama leo ni siku ya kufufuka, tufufuke wote wawili. Ambia mutoto mimi ni nani."

Nje jenereta ilikuwa inanguruma.

Kakule alimwangalia pasta. Pasta akachukua maikrofoni, kwa upole kabisa, akasema dada yetu bado ana kidonda, tumwombee, mtu aliyezaliwa leo hana jana. Akainua mkono, kwaya ikaanza, ngoma ikaanza. Masika alibaki amesimama. Wimbo ulimpita juu.

Ndipo Kahambu alipoinuka.

Alimshika Merveille mkono, akatoka naye kwenye benchi, akaja mpaka mbele. Kwaya ikapungua, wengine wanaimba, wengine wameacha. Kahambu hakuhitaji maikrofoni. Alimuuliza Kakule, si kwa ukali, kama mtu anayeuliza njia:

"Mimi uliniambia alikufa. Nilikuwa nawasha mishumaa yake kila mwaka, mimi na huyu mutoto. Tulikuwa tunaomba juu ya nani?"

Kakule akaanza kukamua ukingo wa kanzu yake.

Kahambu akachuchumaa kwa shida, na mimba ile, akamwambia mtoto sikioni, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kufika karibu na nikasikia. "Merveille, huyu ni mama aliyekuzaa. Nami sikujua."

Tulitoka nje sisi wanne, mimi, yaya, Kahambu na mtoto, tukasimama upande wa ukuta. Nilikuwa nimeota saa hii kwa miaka, na katika ndoto zangu mtoto alikuwa anakimbia na kurukia shingo ya yaya. Hakukimbia. Alijificha nyuma ya kitenge cha Kahambu, akatoa jicho moja. Masika alikaa chini kabisa, kwenye vumbi, ili wawe kimo kimoja, na mikono yake akaiweka mapajani asije akamgusa.

"Si munasemaka mama alikufa?" mtoto akauliza, anamuuliza Kahambu.

"Minaitwa Masika," yaya akamjibu. "Nilikuwa mugonjwa sana. Nikapona."

Mtoto akafikiri. Kisha akauliza swali ambalo nilijua litakuja na niliogopa kulisikia. "Na juu ya nini haukukuya?"

Masika aliinua macho, na mimi nikageuka. Kakule alikuwa amesimama mlangoni, amelowa, pasta nyuma yake na mkono begani mwake. Alikuwa amesikia swali. Sisi wote tulimngoja. Yaya angeweza kujibu mwenyewe, jibu lilikuwa lake, lakini alimwachia. Nilimwona akimwachia.

Na niliona uso wa Kakule ukibadilika. Nisiseme uongo hata kwa mtu ninayemchukia. Kilio kilimpanda, kingine, si kile cha kwenye maji. Midomo ilianza kutafuta neno. Alipiga hatua moja kuja kwetu.

Pasta akasema taratibu, "Ndugu, hapana rudia nyuma."

Kakule akarudi ndani.

Hicho ndicho ninachotaka kukiandika leo, mengine yote ni njia ya kufikia hapo. Hapo mlangoni ndipo angezaliwa. Hapo palikuwa na uchungu, palikuwa na mwanamke, palikuwa na mtoto anayengoja, palikuwa na aibu ya kutosha kumpasua mtu na kumtoa mwingine. Na kanisa lile, lililoimba kuzaliwa asubuhi nzima, lilipoona kuzaliwa kwenyewe kunakuja, likamfungia mlango. Likamrudisha kwenye maji baridi ambako hakuna anayeulizwa kitu.

Masika aliangalia mlango mtupu kidogo, kisha akamjibu mtoto mwenyewe. Alimwambia alikuja, mara nyingi, na walimkataza, na hakuacha kutaka kuja. Hakusema ni nani aliyekataza. Mimi nilitaka kusema. Nilikuwa na jina lake hapa kwenye ulimi. Yaya alinitazama mara moja tu, nikalimeza. Mtoto ana masikio na ana akili, atalijua mwenyewe. Nadhani amekwisha kulijua.

Kahambu hakurudi ndani ya kanisa na hakurudi kwake. Alisema anakwenda kwa mama yake mzazi, si mbali, na alimwomba Masika waende pamoja, maana mtoto hawezi kuachwa hivi leo, na yeye mwenyewe hajui kesho atamwambia nini. Waliondoka kwa miguu. Mtoto katikati, mkono wake mmoja kwa Kahambu. Mkono mwingine ulikuwa mtupu, na yaya alitembea upande ule bila kuushika.

Nilirudi peke yangu na Papa Issa. Aliniuliza imekuwaje, nikasema sijui, nikalia mpaka Kalunguta, na yeye akawa na adabu ya kuangalia barabara.

Sasa nimeketi hapa na ninajiuliza. Siku moja pengine Kakule atakuja kwenye mlango wangu. Bila kanzu, bila pasta, bila ngoma. Atasema, mbele ya mtoto, kwa mdomo wake: nilimfungia mama yako nje, nilikudanganya. Nitamfungulia? Yaya angemfungulia, namjua. Mimi nawafundisha watoto wadogo kwamba anayesema kosa lake anapewa kiti. Ni rahisi kufundisha. Nikijaribu kumwona Kakule ameketi kwenye kiti hiki, ninywe naye chai, mkono unatafuta kitu cha kurusha.

Kwa hiyo leo, hapana. Nimeandika hivyo ili nijue nilipokuwa. Leo hapana.

Masika amepiga simu sasa hivi. Aliongea polepole, nadhani mtoto amelala karibu naye. Anasema amemsuka upya, mtoto alikubali bila neno, akakaa katikati ya magoti yake mpaka mwisho. Hajamwita mama. Anamwita "ule mama." Lakini alipokuwa anasukwa aliuliza kama Ebola inauma. Yaya akasema inauma sana. Akauliza, "Kuliko kunizaa mimi?"

Nikamuuliza yaya alijibu nini.

"Nilimuambia vyote viliuma," akasema. "Lakini kumuzaa yeye, mwisho yake, walinipatia mutu wa kubeba."